Kadi Itakufa Juni

11 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana, tena kwa fujo. Baba alikuwa barazani. Alisimama, akaweka mikono nyuma, akautangazia uwanja mtupu: "Korti imeahirishwa!" Kisha akaingia ndani taratibu, kama mtu asiyelowa. Dada alicheka mpaka akainamia cherehani. Mimi sikucheka. Nilikuwa napiga hesabu ya miezi.

Nilikuja Juni iliyopita kwa wiki mbili. Dada alipiga simu kwamba Baba ametoka nyumbani akapotea, ameokotwa kwenye mtaro nyuma ya soko, nyonga imevunjika. Niliomba ruhusa kazini, nikamwachia mke wangu funguo za gari, nikapanda ndege na begi la mkononi. Nyonga ikapona. Kichwa ndicho hakikupona. Kumbe kilikuwa kimeanza kuondoka zamani, na Dada alikuwa akiniambia kwenye simu, mimi nikawa nasikia "uzee" tu. Wiki mbili zikavutwa zikawa mwezi, mwezi ukavutwa.

Sheria ya kule ni fupi. Mwenye ukaazi wa kudumu akikaa nje mwaka mzima, haki yake inafutika. Kwenda kuchungulia wiki moja na kurudi hakuhesabiki. Unatakiwa urudi ukaishi. Wao wana neno refu kwa jambo hilo. Mke wangu anasema tu: "Kadi itakufa Juni." Ni miaka kumi na tisa ya maisha yangu, na nyumba yangu iko kule, na kazi yangu ya kusaga lenzi za miwani iko kule, na binti yangu yuko kule.

14 Machi

Mvua. Baba amekula vizuri.

19 Machi

Friji imeharibika tena, ndivyo anavyosema Dada. Mimi naiona inanguruma kama kawaida yake. Fundi Friji amekuja, amepiga magoti, amefungua kifuniko cha nyuma, amekifunga, halafu amekunywa chai kwa saa nzima. Ni mjane, mwili mkubwa, sauti ndogo. Anamsalimia Baba kwa kuinama: "Shikamoo, Mheshimiwa." Baba anapenda sana hilo. Alikuwa karani wa mahakama, si hakimu, lakini siku hizi amejipandisha cheo na hakuna wa kumpinga.

Mimi ananiita "Askari." Nadhani ni kwa sababu namshika mkono kumpeleka kila mahali. "Askari, chooni." "Askari, mlete shahidi." Jina langu hajalitaja tangu kabla ya mwaka mpya.

Shuka hazikauki. Tumezitundika sebuleni, barazani, juu ya mlango. Nyumba nzima inanuka sabuni na mkojo.

27 Machi

Dada anaolewa.

Ameniambia huku anashona sare za shule, hakuinua hata uso. "Fundi amepata kazi kwenye mitambo ya barafu, kule wanakohifadhi samaki. Nusu siku kwa basi. Ameniomba twende wote. Nimekubali. Tunafunga ndoa katikati ya Aprili."

Nilidhani ananitania. Ana miaka hamsini na nne.

"Na Baba?"

"Baba ana mtoto mwingine. Si wewe hapo?"

"Dada, unajua kabisa kwamba mwisho wa Juni..."

"Najua. Umeimba wimbo huo tangu Krismasi."

Nikamwambia ni ubinafsi. Nikamwambia angengoja walau miezi michache, nirudi kule, nitengeneze mambo yangu, halafu aolewe na mafundi wote wa mji huu akitaka. Hapo ndipo alipoondoa mguu kwenye cherehani.

"Ningoje? Mdogo wangu, mimi nimengoja mpaka nimeota mvi kwenye nyusi. Muda wote huo wewe ulikuwa unanitumia salamu na chupa za vitamini. Basi nilizimeza zote. Sasa nina nguvu za kuolewa."

Nilitaka kujibu, lakini mdomo wenyewe ulianza kucheka kabla sijaupa ruhusa, na yeye akacheka, kisha akalia. Nikatoka nje nikasimama kwenye mvua kama mjinga.

2 Aprili

Paa linavuja chumbani kwa Baba. Nimehamisha kitanda. Amekataa kulala upande mpya, anasema ni kizimba cha washtakiwa.

8 Aprili

Mke wangu amepiga. Anafanya kazi kwenye jiko la shule, hivyo hunipigia akitoka, mikono bado inanuka vitunguu, husema. Ameonana na wakili kuhusu kumchukua Baba aende kule. Wakili ameangalia cheti cha ugonjwa, akasema asijisumbue: mgonjwa wa namna hiyo hawampokei, atakuwa mzigo kwa hospitali zao.

"Kwa hiyo utarudi peke yako," akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. Nikamwambia anaongea kama karani wa benki. Akasema, "Nimesimama toka alfajiri. Ongea na mtoto wako."

Binti yangu akaniuliza Babu anaendeleaje. Anakiongea Kiswahili kama mtu anayevuka mto kwa mawe, jiwe baada ya jiwe. Nikasema Babu hajambo.

15 Aprili

Wamefunga ndoa. Watu walikuwa wachache na mvua ilikuwa nyingi. Tulipokuwa tunamngoja bibi arusi atoke chumbani, Baba alisimama ghafla, akatoa ile sauti yake ya zamani iliyokuwa ikisikika mpaka nje ya geti la mahakama, akaita jina la Dada, lote, la kwake na la baba yake na la babu yake. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu. Mlango ukafunguka, Dada akatokea na gauni alilojishonea mwenyewe.

"Yupo, Mheshimiwa," Fundi akajibu kwa ile sauti yake ndogo.

"Basi kesi iendelee," akasema Baba, akaketi.

Sijapata kumwona Dada mzuri vile. Nilijiuliza ni lini nilimtazama mara ya mwisho.

Wameondoka jioni. Ameniachia cherehani, kwa sababu gari lilikuwa dogo, na amenionyesha jinsi ya kumkata Baba kucha: umpe kitu cha kushika katika mkono mwingine.

21 Aprili

Sikuwahi kujua nyumba hii ina kazi kiasi hiki. Namwamsha, namwogesha, namvalisha, anajivua, namvalisha. Napika uji, anauliza ni ushahidi wa nani. Nafua. Hazikauki. Nikifunga mlango anapiga kelele kwamba amewekwa ndani bila dhamana, nikiufungua anatoka. Leo amenipiga kofi nikimvua suruali iliyolowa. Mkono wake bado ni mzito. Kisha akaona aibu, na aibu ile ndiyo iliyoniuma zaidi ya kofi, maana alijua ameaibika bila kujua mbele ya nani.

Dada aliyafanya haya yote na bado akashona sare za shule nzima.

29 Aprili

Nimempata Muuguzi. Amesomea, ana cheti, ana mikono mirefu na subira ya ajabu. Hospitali aliyokuwa akifanya kazi inapunguza watu. Baba alimkagua kutoka viatu mpaka nywele, akasema, "Huyu shahidi anasema kweli." Muuguzi akajibu, "Kweli tupu, Mheshimiwa." Wakaenda kuoga bila ugomvi wowote. Nilikaa kwenye kiti cha Dada nikasikiliza maji yakimwagika upande wa pili, na bega langu likashuka lenyewe.

6 Mei

Baba amelala mchana bila dawa. Nimetengeneza miwani yake, mkono mmoja ulikuwa umelegea. Ameivaa, akanitazama muda mrefu. "Askari, umekonda."

13 Mei

Nimekata tiketi! Ndege ni tarehe kumi Juni. Muuguzi amekubali kuhamia humu ndani, chumba cha Dada. Dada atakuja kila mwisho wa mwezi. Mimi nitarudi kule, nitaingia kazini, na mwakani nitakuja kwa likizo kama watu wengine.

Nimempigia mke wangu kumwambia. Nikasikia kitu kinaanguka, sufuria labda. "Sema tena," akasema. Nikasema tena. Hapo ndipo akanieleza jambo ambalo hakuwahi kuligusa: kwamba alikuwa anapita karakana yetu karibu kila wiki kumsihi bosi wangu asimpe mtu mwingine mashine yangu. Mara nyingine anampelekea keki. Yule mzee hapendi hata keki. Na mimi nilimwita karani wa benki.

Mvua haijapungua, lakini leo imenipendeza.

22 Mei

Muuguzi ameondoka.

Alikuja asubuhi amevaa vizuri kupita kawaida, hakuvua viatu. Akasema, "Kaka, nina habari, na naona aibu." Ameitwa ng'ambo. Maombi aliyaweka mwaka juzi, akayasahau. Kazi ni ya kulea wazee waliopoteza kumbukumbu.

"Nchi gani?" nikamuuliza, ingawa uso wake ulishasema.

Ni kule kule. Mji mwingine, lakini kule kule.

"Wanahitaji watu sana," akasema. "Wazee wao hawana wa kuwaangalia. Watoto wana kazi."

Niliwaza kumpigia magoti. Nilifikiria nimwambie neno baya, neno lolote. Lakini ana mke na mapacha wanaotambaa, na alinitazama kama mtu anayeomba radhi kwa kupona. Akaniuliza baridi ya kule ikoje, anunue viatu vya aina gani. Nikamweleza. Vyenye soli nene, nikasema, na usinunue hapa, ununue ukifika. Nikamweleza pia asiogope ukimya wa majirani, si kwamba wanamchukia. Nilikuwa namweleza maisha yangu.

Baba alimuaga kwa kumshika mkono. "Shahidi ameachiliwa," akasema.

26 Mei

Mama mmoja amejaribu siku moja. Hakurudi.

30 Mei

Mwingine, mwanamume, alimfokea Baba nikiwa jikoni nikasikia. Nimemtoa mwenyewe. Kumefurika mpaka ngazi ya kwanza. Shuka nazianika juu ya cherehani.

3 Juni

Nimekwenda kuona nyumba ya wazee, nje ya mji. Nilitaka niikute mbaya ili nipate la kusema. Si mbaya. Sakafu imepigwa deki, chakula kina mboga, mkuu wa pale ni mama mkavu lakini anawajua wote kwa majina. Kuna kitanda kimoja kitupu. Nimeshikilia hicho kitanda. Dada kwenye simu alisema, "Mpeleke," halafu akasema, "Nitakuja twende wote, usimpeleke peke yako."

9 Juni

Ndege ni kesho. Naandika hapa ili niweze kukiamini nilichokifanya.

Dada alifika jana. Asubuhi tulimvalisha Baba koti lake la kazini, tukampakia pajama, redio na miwani ya akiba. Alipanda teksi. Mvua ilikuwa nyembamba, ile isiyoisha. Tulipofika aliteremka, akanyoosha koti, akautazama ukuta mrefu, geti la chuma, bawabu. Akaelewa. Yaani alielewa vibaya, lakini alielewa. Akaninyooshea mikono yote miwili, imeunganishwa kwenye vifundo, tayari kwa pingu.

"Askari," akasema, polepole, kwa adabu. "Kazi hii nimeitumikia maisha yangu yote. Nisomee hukumu. Nimepewa miaka mingapi?"

"Si hukumu, Baba. Ni mahali pa kupumzika tu."

"Wote huambiwa hivyo."

Dada aligeukia teksi akaegemea mlango. Mimi nilimshika Baba ile mikono nikaishusha. Tukaingia. Sikuwahi kumwona ametulia vile. Hakupiga kelele, hakumpiga mtu. Mkuu wa nyumba alifurahi, akasema wengi hulia siku ya kwanza, huyu atakuwa rahisi. Tukamketisha kitandani. Akamgeukia mzee wa kitanda cha jirani.

"Mwenzangu, kosa lako nini?"

"Mimi?" akasema yule mzee. "Nilizaa watoto saba."

Chumba kizima kikacheka, wazee wote, mpaka mama mkuu. Baba hakucheka. Alitikisa kichwa kama mtu anayejua uzito wa shitaka.

Tukaondoka. Nilikuwa nimeshaamua nisigeuke nyuma, na sikugeuka. Tulikuwa karibu tufike barabara kuu nilipomwambia dereva arudi.

Dada akanishika goti. "Nisikilize. Ukirudi pale, usinitazame mimi. Mimi sirudi kwenye ile nyumba. Nina mume. Ninalala usingizi siku hizi."

"Sikutazami."

"Sema vizuri nisikie."

"Sikutazami, Dada. Ni mimi."

Tulimkuta vilevile tulivyomwacha, begi juu ya magoti, viatu hajavua. Nikatumia maneno yake. "Mheshimiwa, rufaa imekubaliwa. Twende nyumbani."

Nilitegemea afurahi. Alinitazama tu kupitia ile miwani niliyomtengenezea.

"Na gharama za kesi analipa nani?"

10 Juni

Ndege imeondoka saa sita mchana. Nilikuwa naanika shuka.

14 Juni

Mke wangu amepiga leo.

"Tulikwenda uwanja wa ndege," akasema.

"Nilikupigia nikakwambia siji."

"Najua. Tulikwenda tu. Mtoto alisema pengine umebadilisha mawazo tena. Tukasimama mpaka abiria wa mwisho akatoka."

Nikamwomba msamaha. Akasema hataki. Nikamwambia anilaumu basi, anitukane.

"Sikulaumu. Hilo ndilo baya. Ningekulaumu ningepata nguvu. Ungemwacha mzee wako pale, mimi mwenyewe ningekuogopa." Akavuta pumzi. "Lakini huko siji. Nilishakwambia zamani, mimi maisha ya kuanza upya nimeyafanya mara moja, sina ya pili. Na mtoto hawezi. Basi tutakuwa hivi."

"Hivi mpaka lini?"

Sikuwa nimeuliza ili ajibu.

21 Juni

Nimempeleka Baba hospitali, kikohozi. Daktari, kijana mchangamfu, amempima kifua, akapima tena, akanigeukia anatabasamu. "Hongera. Mzee ana moyo wa kijana. Mapafu safi, presha safi. Huyu anaweza kufika mia."

Nikasema ahsante. Nikaenda kukaa kwenye benchi la nje pamoja na mwenye moyo wa kijana, aliyekuwa anavunja biskuti na kuipanga vipande vipande juu ya paja langu.

Mtu yeyote mwema angefurahi. Nilijichunguza nione kama nimefurahi. Niliacha kujichunguza.

30 Juni

Imekufa leo. Hakuna kilichotokea. Kadi bado ina picha yangu, bado inang'aa.

Bosi wangu ameandika ujumbe mfupi kwamba amempa mwingine mashine, na kwamba mke wangu asiendelee kupeleka keki.

Binti yangu naye ameandika. Mwezi wa nane ataapa kuwa raia wa kule. Kila anayeapa anaruhusiwa kualika wawili. "Mama ni mmoja," ameandika kwa Kiswahili chake cha mawe. "Wewe ni pili. Jaribu, Baba."

4 Julai

Mvua imekatika. Siku ya kwanza ya jua la kweli.

17 Julai

Dada amekuja na mumewe kushika zamu ya kutwa, mimi nimekwenda ubalozini. Wameniambia siwezi kuomba viza ya mgeni huku ninayo kadi ya mwenyeji, hata ikiwa imekufa. Lazima kwanza niirudishe kwa hiari yangu na kutia sahihi.

Nyuma ya kioo alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, anayeongea lugha yetu kwa uangalifu. Akaichukua kadi, akaigeuza, akatoa mkasi kwenye droo, akaikata pembe. Mkasi ulikuwa butu, ikambidi akate mara mbili. "Ahsante kwa ushirikiano wako," akasema.

Kisha tukaanza ya viza. Nakwenda kufanya nini? Kumwona binti yangu akila kiapo. Nitakaa kwa nani? Kwa mke wangu. Aliinua macho kidogo, akayashusha.

"Tunahitaji kujua kwamba utaondoka baada ya ziara," akasema. "Una kitu gani hapa cha kukurudisha?"

Hili nilikuwa na jibu lake. Nikamwambia nina baba mgonjwa, amepoteza kumbukumbu, hawezi kuachwa hata saa moja, na hana mtu mwingine ila mimi. Nilimpa barua ya daktari. Aliisoma yote. Niliona ameridhika. Akaandika, akapigia mstari.

Kisha kalamu ikasimama.

"Na hizo wiki mbili ukiwa safarini," akauliza, "nani atakaa naye?"

Nikawapitia mmoja mmoja. Dada alishanijibu ndani ya teksi. Muuguzi yupo kule, analea wazee. Kitanda kile kimeshapata mtu.

"Hakuna," nikasema.

"Sasa utasafirije?"

Hakuwa ananisuta. Alisogea karibu na kioo, anataka kweli kujua, kama mtu anayengoja nimwonyeshe njia ambayo yeye hakuiona. Nikabaki nimesimama pale, mikono juu ya kaunta, mpaka aliyekuwa nyuma yangu akaniomba kwa upole nimpishe.